Gunia Lililotoka Hewani

Ukitoka mjini Eldoret kwa barabara ya Ziwa mwezi wa Julai, utapita mahali ambapo seng'enge moja tu imetenganisha mahindi na ngano. Upande huu mahindi yamefika kifuani na majani yake mapana yanapishana kati ya mistari. Upande ule ngano ndiyo kwanza inafunika udongo. Jana alasiri ilinyesha, asubuhi hii ukungu bado umelala bondeni, na ukipenyeza mkono kati ya majani unautoa umelowa maji ya baridi. Kwa macho, mimea hii miwili inafanya kazi moja, usanisinuru: kushika mwanga na kuugeuza chakula. Lakini ndani ya jani kazi hiyo inafanywa kwa njia mbili tofauti, na anayezijua njia hizo anapata jibu la swali linalotusumbua kila mwisho wa msimu Uasin Gishu. Kwa nini shamba hili limejaza ghala, na la jirani, lenye mbegu ile ile na mbolea ile ile, halikufika hata nusu?

Tukiulizwa, jibu la kwanza mdomoni ni mbolea. Tangu mwaka 2022, Serikali ilipoleta mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500 kwa mfuko, kisha 2,500 mwaka uliofuata, tumeizungumzia mbolea asubuhi, mchana na jioni, kana kwamba mahindi ni mbolea iliyobadilishwa sura. Siidharau, na nitaifikia. Ila kwanza tupige hesabu moja.

Gunia la mahindi makavu lina kilo 90. Ukiondoa unyevu uliobaki kwenye punje, zinabaki kama kilo 78 za kitu kikavu, na karibu nusu yake ni kaboni, tuseme kilo 35. Kaboni hiyo haikutoka kwenye udongo wala kwenye mfuko wa mbolea ya DAP. Ilitoka hewani, katika hewa ya ukaa, ambayo leo ni kama sehemu 425 tu katika kila sehemu milioni za hewa. Katika hewa nyembamba ya Eldoret, mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, mita moja ya ujazo haina hata gramu moja ya gesi hiyo. Nimezidisha na kugawanya mara mbili kuhakikisha: ili kupata kaboni ya gunia moja, majani yanahitaji hewa ya ukaa yote iliyomo katika mita za ujazo zipatazo 200,000. Chukua uwanja mzima wa mpira, uujaze hewa hadi kimo cha karibu mita 30, kisha uichuje hewa hiyo isibaki hata chembe ya ukaa. Hilo ni gunia moja, na bado hujahesabu mabua, mizizi wala magunzi.

Watu walichelewa sana kuliona hili. Katika karne ya 17 Jan Baptista van Helmont alipanda mche wa kilo zipatazo mbili ndani ya udongo alioupima, akaumwagilia maji kwa miaka mitano, akapata mti wa kilo zaidi ya 70. Udongo ulikuwa umepungua gramu zisizofika 60. Akasema mti umetengenezwa kwa maji. Alikosea nusu tu, kwa sababu hakuna aliyefikiria hewa. Ilipofika mwaka 1779 Jan Ingenhousz akaonyesha kwamba sehemu za kijani za mmea hutoa hewa safi zikiwa kwenye mwanga peke yake, na gizani zinaichafua kama sisi tunavyofanya.

Kazi yenyewe ina hatua mbili. Ya kwanza inahitaji mwanga. Seli za jani zimejaa vifuko vya kijani, kloroplasti, na ndani ya kila kifuko mna tando zilizopangwa tabaka juu ya tabaka kama chapati kwenye sahani. Humo ndimo ilimo klorofili. Inameza mwanga mwekundu na wa buluu, na kijani kingi inakirudisha, ndiyo maana shamba ni kijani machoni petu. Mwanga unaomezwa unang'oa elektroni kutoka kwenye klorofili, na pengo linalobaki linajazwa kwa kuyapasua maji. Oksijeni ni masalio ya upasuaji huo. Mwaka 1941 watafiti wa Marekani walitumia maji yenye oksijeni nzito kuthibitisha kwamba pumzi tunayovuta ilitoka kwenye maji, si kwenye hewa ya ukaa. Protoni zilizobaki zinajaa upande mmoja wa utando na kutafuta njia ya kutoka, na njia pekee ni kupitia kigurudumu kidogo cha protini. Wanapotufunza shuleni hawatuambii kwamba kigurudumu hicho kinazunguka kwelikweli, kama mitambo inavyozungushwa na maji ya bwawa la Turkwel. Kila kikizunguka, kinatengeneza ATP, sarafu ambayo seli inaitumia kulipia kazi zake.

Hatua ya pili haiuhitaji mwanga moja kwa moja, inahitaji sarafu zile. Melvin Calvin, Andrew Benson na wenzao kule Berkeley waliifuatilia kwa kaboni ya mnururisho baada ya Vita vya Pili, na Calvin akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Kimeng'enya kiitwacho rubisko kinashika hewa ya ukaa na kuibandika kwenye sukari yenye kaboni tano. Umbo hilo linapasuka vipande viwili vya kaboni tatu tatu, na kutoka hapo, kwa gharama ya ATP, inatoka sukari, kisha wanga, mafuta na protini.

Rubisko ndiyo iliyobeba mzigo wote wa chakula cha dunia, na ni mfanyakazi wa pole mno. Inashika molekuli kama tatu kwa sekunde, wakati vimeng'enya vingine vinafanya mamia au maelfu. Jani linaziba upungufu huo kwa wingi: nusu ya protini inayoyeyuka katika jani la ngano inaweza kuwa rubisko tupu. Protini inajengwa kwa nitrojeni, na hapa ndipo mbolea yetu ya kukuzia, ile CAN, inapoingia. Haiwi mahindi. Inakuwa mashine ya kutengeneza mahindi. Shamba likikosa nitrojeni utaliona bila kuambiwa na mtu: majani ya chini yanaanza kuwa manjano kutoka kwenye ncha, na manjano yanashuka kwa umbo la V kando ya mshipa wa kati. Mmea unabomoa mitambo ya majani yake ya kale ili ujenge ya majani machanga. Nimemsikia mzee mmoja akimwambia jirani yake kwenye mpaka wa shamba, "Ndugu yangu, hayo mahindi yako yanajila." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Rubisko ina kasoro ya pili, mbaya kuliko upole. Haiwezi kutofautisha vizuri hewa ya ukaa na oksijeni. Inapokamata oksijeni kwa bahati mbaya, jani linalazimika kutumia nguvu kurekebisha kosa na linapoteza kaboni liliyokwisha kuishika. Kadiri joto linavyopanda, makosa yanaongezeka. Ngano, viazi, maharagwe, kahawa na miti karibu yote huishi na hasara hiyo.

Mahindi yametafuta njia ya kuikwepa. Mwaka 1966, huko Australia, Hatch na Slack waliieleza njia hiyo wakichunguza miwa. Seli za nje za jani zinashika hewa ya ukaa kwa kimeng'enya kingine kisichodanganywa na oksijeni, zinapata kiungo cha kaboni nne, zinakipeleka ndani kwenye seli zilizozunguka kila mshipa kama shada, na huko ndiko inakofunguliwa hewa ya ukaa mbele ya rubisko. Ndani ya chumba hicho gesi inajaa kuliko nje, mara kumi hivi, oksijeni inakosa nafasi, makosa yanakoma. Lakini usafirishaji huo si wa bure. Kila molekuli inagharimu sarafu mbili za ziada za ATP. Kwenye joto, gharama hiyo ni ndogo kuliko hasara inayookolewa. Kwenye baridi rubisko inakosea kidogo tu, na mahindi yanalipa ushuru wa barabara ambao ngano haiujui.

Sasa rudi kwenye ile seng'enge ya barabara ya Ziwa. Wastani wa joto la Julai hapa unakaribia nyuzi 15 au 16, na usiku hushuka hadi karibu 10. Hapo ngano iko nyumbani. Mahindi, mmea wa nchi za joto, yako ukingoni mwa uwezo wake. Kwa hesabu ya jani moja kwa saa moja, hatukupaswa kuwa ghala la mahindi la Kenya.

Wengine huisingizia hewa nyembamba, ile inayowaleta wanariadha wa dunia nzima Iten. Nadhani wanamwonea mtuhumiwa asiye na hatia. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 20 chini ya lile la Mombasa, na hewa ya ukaa imepungua vivyo hivyo. Ila oksijeni nayo imepungua kwa kiasi kile kile, kwa hiyo rubisko haichanganyikiwi zaidi, na gesi hupita upesi zaidi kwenye hewa nyepesi. Mwinuko unamtesa mkimbiaji kuliko unavyolitesa jani. Unachomletea mmea ni baridi: kila ukipanda mita 1,000, joto linashuka kwa nyuzi kama sita.

Na baridi hiyo hiyo ndiyo inayotulipa. Teremka Bonde la Kerio, takriban mita 1,000 chini yetu, na utaona mahindi yakikomaa kwa miezi minne au pungufu. Jani la kule linafanya kazi kwa kasi kuliko letu. Huku juu mahindi yanakaa shambani miezi sita au saba. Baridi inapunguza kasi ya usanisinuru, lakini inapunguza zaidi kasi ya kuzeeka, na siku za kujaza punje zinakuwa nyingi. Kisha kuna usiku. Mmea unapumua gizani kama sisi, unachoma sukari iliyotengenezwa mchana, na usiku wa nyuzi 10 unachoma kidogo kuliko usiku wa nyuzi 20. Mfanyakazi wa Kerio analipwa vizuri kwa siku chache na anatumia sana jioni. Wa Eldoret analipwa kidogo kwa siku nyingi na anaweka akiba. Ukizidi kupanda, hadi Timboroa kwenye mita zaidi ya 2,700, hesabu inaharibika, mahindi yanachukua karibu mwaka, na watu kwa busara wanapanda viazi.

Faida hii haikuja yenyewe. Mbegu za zamani zilizoletwa na walowezi hazikuwa zimezoea kutumia msimu mrefu hivi. Chotara H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ilizaliwa kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na aina iitwayo Ecuador 573 kutoka milima ya Amerika ya Kusini, mahali penye mwinuko na ikweta kama kwetu. Mbegu za nyanda za juu tunazopanda leo zina damu ya ukoo huo.

Ikweta nayo ina bei yake. Siku yetu ni ya saa 12, Januari hadi Desemba. Mkulima wa Iowa mwezi wa Juni ana mwanga wa saa 15. Sisi tunapata zile 12 kwa miezi mingi, lakini Julai na Agosti, mahindi yanapotoa mbelewele na kuanza kushika punje, ndiyo miezi ya mawingu. Jani la ngano linatosheka kwenye kama nusu ya jua kali, na juu ya hapo mwanga wa ziada hauliongezei kitu. Jani la mahindi halitosheki hata saa sita mchana. Kwa hiyo kila wingu linaloganda juu ya Uasin Gishu wiki za mbelewele linayanyima mahindi kitu ambacho yangekitumia.

Mwaka 1905 Mwingereza F. F. Blackman aliandika jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila duka la pembejeo mjini. Kazi inayotegemea mambo mengi, alisema, inaendeshwa na lile lililo pungufu kuliko yote kwa wakati huo. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri kwenye kinu cha posho anaelewa. Umeme ukiwa hafifu, kuleta mahindi zaidi hakuongezi unga. Umeme ukirudi na mkanda uwe umelegea, umeme hausaidii. Mkanda ukikazwa, ndipo unapogundua kwamba ni mtu mmoja tu anayemimina, na amechoka. Kila ukitatua kikwazo kimoja, kingine kinachukua nafasi yake, na cha jana si cha leo.

Jani ni kinu cha aina hiyo, na kikwazo chake kinabadilika hata ndani ya siku moja. Alfajiri ni mwanga. Saa nne asubuhi, jua likiwa limetoka na umande bado upo, ni baridi ya jani lenyewe. Mchana wa Aprili, mvua ikiwa imekatika wiki mbili, ni hewa ya ukaa, kwa sababu jani limefunga vitundu vyake kuokoa maji na limejizuia kula. Utaona mahindi yamejikunja kama sigara saa saba mchana, kisha jioni yamefunguka. Mtu anaweza kusema hayakudhurika. Yamedhurika: yamekaa njaa saa tano za jua bora la siku. Hapa njia ya kaboni nne inayasaidia mahindi, kwani kwa pampu yake yanaweza kufanya kazi vitundu vikiwa nusu wazi, na kwa kila kilo ya mmea yanatumia kama nusu ya maji ambayo ngano ingetumia.

Ushahidi mzito wa kanuni ya Blackman upo hapa karibu, Kitale. Miaka ya 1960 mtafiti A. Y. Allan alipanga majaribio akilinganisha mbegu chotara na ya kienyeji, mbolea na bila mbolea, kilimo cha mapema na kilimo cha kuchelewa. Mahindi ya kienyeji yasiyotiwa mbolea, lakini yaliyopandwa mapema, kwa nafasi sahihi na kupaliliwa kwa wakati, yalizaa kuliko chotara lenye mbolea lililopandwa kwa kuchelewa na kuachiwa magugu. Yaliyopata vyote yaliacha mengine mbali sana. Mbolea na chotara vilikuwa mahindi ya ziada yaliyoletwa kwenye kinu chenye mkanda uliolegea.

Kwa nini kupanda mapema kuna nguvu hivyo? Sehemu ya jibu ni joto la udongo mwezi Machi, kabla mvua haijaupoza. Sehemu ni mwanga: mmea uliotangulia umekwisha kufunika ardhi kwa majani kabla ya mawingu ya katikati ya mwaka, na jua lililoanguka kwenye udongo mtupu halirudi. Na sehemu ni jambo ambalo H. F. Birch alilieleza mwaka 1958 akiwa Muguga, karibu na Nairobi: udongo uliokauka ukiloweshwa na mvua za kwanza, vijidudu vyake huamka kwa kishindo na kuachia nitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Mizizi iliyoko tayari inaichukua. Aliyepanda Mei anakuta imeshazolewa na maji.

Magugu ni kesi hiyo hiyo. Yanakula chakula cha udongo, ndiyo, lakini mahindi yakiwa madogo wizi wao mkubwa ni kivuli. Mikaratusi ya mpakani inafanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa: hesabu mistari ya kwanza sita kando yake mwezi wa Septemba na utaona ngazi, mabua yakirefuka kadiri unavyosogea kwenye mwanga na mbali na mizizi yake. Mvua ya mawe, ambayo kaunti hii inaijua vizuri, inachana majani kuwa nyuzi kwa dakika kumi. Viwavijeshi vamizi, walioingia nchini kati ya 2016 na 2017, wanakula jani likiwa bado limejikunja kwenye moyo wa mmea. Ukipoteza jani umepoteza uso wa kushikia jua, na kwa mwezi mmoja au miwili hakuna mfuko wa duka unaoweza kuurudisha. Asidi ya udongo wetu inafunga fosfeti, na bila fosfeti hakuna ATP, kwa hiyo miche inageuka zambarau ingawa DAP ilitiwa. Mwenye shamba hilo kwanza anahitaji chokaa. Kumwongezea DAP ni kumwaga pesa.

Ndiyo maana huwa naumia nikisikia ushauri wa aina moja ukitolewa kwa kata nzima. Mwenye shamba linalotuama maji, mwenye asidi, mwenye kivuli na aliyechelewa kulima kwa sababu trekta la kukodi lilikuja wiki tatu baadaye, wote wanauziwa mfuko ule ule. Yule wa mwisho kikwazo chake hakikuwa kwenye udongo. Kilikuwa kwenye foleni ya trekta.

Hewa yenyewe inabadilika. Kabla ya viwanda ilikuwa na ukaa sehemu 280 katika milioni. Ongezeko hilo, hadi 425 za leo, ni lishe kwa ngano, kwa kuwa rubisko yake inapata mawindo mengi na kukosea kidogo. Kwa mahindi, ambayo pampu yake ilishajaza chumba, linasaidia hasa wakati wa ukame tu. Wala lishe hiyo si neema tupu: tafiti zilizochapishwa mwaka 2014 zilionyesha ngano na mpunga uliokuzwa kwenye ukaa mwingi ukiwa na zinki na chuma kidogo. Wanga umeongezeka, madini hayakufuata.

Kuna mmea mmoja Eldoret unaonifurahisha kuliko yote katika habari hii. Uko kwenye magunia ya mama mboga kila asubuhi, katikati ya managu na terere. Tunauita saga, Wakalenjin isagek, Wakisii chinsaga, na Kiswahili sanifu kina jina zuri, mgagani. Managu hutumia njia ya kale ya kaboni tatu, pamoja na hasara zake. Mgagani, kama mahindi na kama terere, umejenga pampu. Na kwa kuwa ukoo wake uko karibu na ule mmea mdogo ambao wanabiolojia wameuchunguza kuliko wote, Arabidopsis, Julian Hibberd na wenzake kule Cambridge waliuchagua kama kielelezo cha kujifunzia jinsi jani linavyoipata njia ya kaboni nne. Kuna mradi wa kimataifa, ulioanza mwaka 2008, unaotaka kuipandikiza njia hiyo kwenye mpunga, na maarifa yatokanayo na mgagani ni sehemu ya msingi wake.

Juzi nilinunua fungu. Nilichagua jani moja lisilo na tundu, nikaliinua mbele ya dirisha jua likiwa nyuma yake. Mishipa yake ni ya kijani kizito kuliko nyama ya jani, imesukwa karibu karibu kama wavu wa samaki, na kila mshipa umezungukwa na shada la seli zake. Nililiweka jani la managu kando yake. Mishipa ya managu ilikuwa mieupe, iko mbalimbali, na kijani chote kimetawanyika katikati. Sikuhitaji hadubini. Mama mboga alikuwa amefunga yote mawili kwa uzi mmoja.